Kutoka Kuanika hadi Kusindika: Maana na Matumizi ya Msamiati wa Kuhifadhi Samaki katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Nakapanya ni kata iliyoko wilayani Tunduru, katika mkoa wa Ruvuma ambao makao yake makuu ni Songea. Kutoka magharibi, samaki wa Ziwa Nyasa huifikia kwa kupitia Mbamba Bay, Mbinga, Songea na Namtumbo. Kutoka mashariki, samaki wa bahari hupandishwa kutoka pwani ya Lindi na Mtwara kwa kupitia Masasi na Mangaka. Barabara ya lami iliyojengwa katika miaka ya 2010 imefupisha safari hiyo, lakini haikuondoa jambo la msingi: pasipo barafu, samaki atokaye ziwani au baharini hana budi kufanyiwa jambo fulani ili afike bara akiwa bado ni chakula.

Jambo hilo ndilo mada ya makala haya. Kiswahili kina vitenzi na nomino nyingi zinazolitaja: kuanika, kukausha, kubanika, kutia chumvi, ng'onda, kauzu, kayabo na nyinginezo. Hata hivyo, katika lugha ya ofisi, ya vitabu vya shule na ya miongozo ya ugani, kitenzi kimoja, sindika, kimekuwa kikichukua nafasi ya vyote. Makala yanakusudia kuonyesha kwamba vitenzi hivyo havina maana moja. Kwamba tofauti zake zinalingana na tofauti za kweli katika ubora na usalama wa chakula. Na kwamba istilahi jumuishi ina faida pale tu isipofuta istilahi mahsusi zilizo chini yake.

2.0 Samaki, Lishe na Uozo

Kabla ya kuchambua maneno, yafaa kueleza kwa ufupi hali halisi yanayoitaja. Mwili wa samaki mbichi una maji kati ya asilimia 70 na 80, na protini kati ya asilimia 15 na 20. Maji hayo ndiyo yanayowawezesha bakteria kukua, na katika joto la nyuzi 30 za Selsiasi samaki asiyehifadhiwa huweza kuharibika katika muda usiozidi siku moja. Maji yakipunguzwa hadi chini ya asilimia 25 hivi ya uzito, bakteria wengi huacha kukua. Yakishuka chini ya asilimia 15 hivi, kuvu nazo hushindwa kumea. Chumvi husaidia kwa njia nyingine: huyavuta maji kutoka katika nyama na kuyafanya yaliyobaki yasiwafae vijidudu. Protini haipotei pamoja na maji, na kwa hiyo katika samaki aliyekauka barabara huwa zaidi ya nusu ya uzito wote.

Manufaa ya jambo hili kwa mkoa kama Ruvuma ni dhahiri. Mkoa huu hulima mahindi kwa wingi, lakini Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015–16 uliuonyesha kuwa na udumavu wa asilimia 44 hivi ya watoto walio chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 34. Udumavu una sababu nyingi, na upungufu wa protini bora ni mojawapo. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini na triptofani. Ya samaki ina laisini kwa wingi. Ndiyo maana samaki kidogo huongeza thamani ya ugali kupita kiasi chake katika sahani. Dagaa, kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa, huongeza kalisi pia.

3.0 Vitenzi vya Namna na Vitenzi vya Tokeo

Vitenzi vinavyohusika vinaweza kugawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza hutaja namna ya kutenda, na kundi la pili hutaja tokeo la tendo. Tofauti hiyo inadhihirika katika sentensi zifuatazo:

(1) Dagaa hawa wameanikwa siku mbili lakini hawajakauka.
(2) *Dagaa hawa wamekaushwa lakini hawajakauka.

Sentensi ya (1) inakubalika bila tatizo lolote. Sentensi ya (2), kama nyota inavyoonyesha, inajipinga yenyewe. Sababu ni kwamba kausha ni umbo la kutendesha la kauka, na maana yake haikamiliki pasipo kitu kuwa kikavu. Anika, kwa upande mwingine, humaanisha kuweka kitu mahali pa jua au upepo. Hakisemi lolote kuhusu mwisho wa tendo. Kwa mnunuzi aliye mbali na ziwa, tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Samaki aliyeanikwa tu bado anaweza kuwa na maji ya kutosha kuotesha kuvu ndani ya gunia, ilhali samaki aliyekaushwa kwa maana kamili ya neno hawezi, maadamu hakupata unyevu tena.

Umbo la anika lina jambo jingine la kuzingatiwa. Ni mojawapo ya vitenzi vyenye kiambishi -ik- kinachopingana na -u- ya kutendua: funika/funua, tandika/tandua, bandika/bandua, na vivyo hivyo anika/anua. Kuanua ni kuondoa juani kilichoanikwa, hasa mvua inapokaribia au umande unapoanza kushuka. Msemaji wa Kiswahili basi anayo jozi ya maneno inayotaja kazi nzima: kuweka na kuondoa kwa wakati wake. Dagaa wasioanuliwa hulowa upya, na kazi ya siku nzima hurudi nyuma. Mwongozo unaosema "kausha samaki kwa jua" huacha nusu hiyo ya pili bila kutajwa, wakati lugha yenyewe imekwisha kuipa jina.

Kitenzi banika kinatokana na bana. Samaki hubanwa katika kijiti kilichopasuliwa au hulazwa juu ya chanja, kisha huwekwa karibu na moto. Moto hupunguza maji, na moshi huacha juu ya nyama kemikali zinazozuia vijidudu na kuchelewesha kuchacha kwa mafuta. Kubanika ni tofauti na kuchoma, ambako lengo ni kula papo hapo. Lugha ya wataalamu hutumia kirai "kukausha kwa moshi", ambacho kinaeleweka, lakini hakionyeshi kwamba joto na moshi ni mambo mawili. Uchunguzi wa kisasa umeonyesha kuwa moshi mwingi wa kuni huacha pia kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Ndiyo sababu majiko yaliyoboreshwa, kama lile la Chorkor lililobuniwa nchini Ghana, hupangwa ili moto na moshi vidhibitiwe.

Aidha, methali mbili zinazojulikana na kila msemaji zimejengwa juu ya maarifa haya. "Samaki mkunje angali mbichi" hutumiwa kuhusu malezi ya watoto, lakini msingi wake ni kazi ya mkono: samaki hukunjwa kabla ya kubanikwa, kwani akishakauka huvunjika. Vilevile, "samaki mmoja akioza, wote wameoza" ni kanuni ya uchambuzi kabla ya kuhifadhi. Kukausha huzuia uozo usiendelee. Hakumrudishi samaki aliyekwisha kuharibika katika ubichi wake. Kwa samaki wa bahari kama jodari na vibua jambo hili ni la hatari zaidi, kwa kuwa wakikaa katika joto hutokeza histamini, sumu isiyoondolewa kwa jua, kwa chumvi wala kwa kupikwa.

4.0 Majina ya Bidhaa

Nomino za uwanja huu zina maelezo mengi zaidi ya vitenzi. Ng'onda ni samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa. Kwa umbo na kwa maana neno hili linakaribiana na kitenzi konda, na picha ya samaki aliyepoteza maji na kusinyaa inauunga mkono mnasaba huo. Neno hilo moja linabeba hatua tatu, na mnunuzi anayelielewa anajua pia kwamba samaki huyo hulowekwa kabla ya kupikwa ili chumvi ipungue. Kauzu hutumika kwa dagaa waliokauka sana, na katika mazungumzo neno hilo limehamia kwa mtu asiye na tabasamu wala haya. Msemaji wa Kiyao, ambaye katika lugha yake samaki ni somba, hukutana na majina haya sokoni pamoja na bidhaa zenyewe.

Kayabo ni jina la Ziwa Viktoria. Hutaja sangara aliyepasuliwa, kutiwa chumvi nyingi na kukaushwa, na biashara yake imeelekea hasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako samaki wa chumvi huitwa makayabu. Inaelekea kwamba ma- ya neno hilo ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli. Neno lenyewe mara nyingi huhusishwa na bacalhau, jina la Kireno la chewa wa chumvi wa Atlantiki.

Viwanda vya minofu vilivyoenea kandokando ya Ziwa Viktoria tangu miaka ya 1990 vilileta majina mengine. Mnofu ulipelekwa ng'ambo. Kichwa na mifupa yenye mabaki ya nyama vilibaki kwa walaji wa karibu. Mabaki hayo yaliitwa mapanki nchini Tanzania na mgongo wazi nchini Kenya. Jina la Kenya linaeleza kwa uwazi kilichotokea: mgongo umeachwa bila nyama. Hapa msamiati umehifadhi kumbukumbu ya mgawanyo wa protini, yaani nani alipata mnofu na nani alipata mfupa.

5.0 Sindika: Kupanuka kwa Maana

Maana ya awali ya sindika, ambayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 pia inaitaja, ni kukamua mafuta au maji ya miwa kwa kinu. Kutokana na maana hiyo finyu, neno lilipanuliwa kutaja shughuli yoyote ya kugeuza mazao ghafi kuwa bidhaa: kusindika maziwa, matunda, nafaka na samaki. Upanuzi wa namna hii ni wa kawaida katika uundaji wa istilahi, na hauna kasoro kwa wenyewe. Uliiwezesha lugha kuzungumzia viwanda bila kukopa neno.

Tatizo hutokea istilahi jumuishi inapotumiwa mahali panapohitaji istilahi mahsusi. "Samaki aliyesindikwa" haonyeshi namna wala tokeo. Anaweza kuwa ameanikwa mchangani, ameanikwa juu ya chanja, amebanikwa, ametiwa chumvi, amegandishwa au amefungwa koponi baada ya kupashwa joto la nyuzi 121 hivi. Kila mmoja huhitaji kuwekwa kwa namna yake: wa barafu haongoji, wa kopo huongoja miaka, na mkavu huongoja maadamu hakupata unyevu wala mende wa jenasi Dermestes ambao hutafuna samaki wakavu ghalani.

6.0 Unga, Mashudu na Mvundiko

Jambo la kushangaza ni kwamba maana ya awali ya sindika inarudi katika utengenezaji wa unga wa samaki viwandani. Samaki hupikwa hadi protini igande na mafuta yaachie. Kisha hukamuliwa kwa mashinikizo ya parafujo. Maji na mafuta hutoka, na kinachobaki hukaushwa na kusagwa. Masalia yale ya ukamuaji Kiswahili huyaita mashudu, kama yale ya ufuta au karanga. Kwa wastani kilo 4 hadi 5 za samaki hutoa kilo 1 ya unga wenye protini ya asilimia 60 hadi 70.

Unga huo kwa kawaida ni chakula cha kuku na samaki wa kufugwa. Hapo ndipo utata wa jina unapoleta madhara. Mama anayeshauriwa kutia "unga wa samaki" katika uji wa mtoto anaweza kuelewa bidhaa ya mifugo, ambayo huenda imetokana na dagaa walioanikwa mchangani. Sokoni tofauti hiyo imekwisha kutambuliwa, kwani husikika "dagaa wa kuku" wakitengwa na dagaa wa kula. Istilahi rasmi ingefaa kuifuata: "unga wa dagaa wa kula" kwa chakula cha watu, na "unga wa samaki wa mifugo" kwa ule mwingine.

Historia inatoa onyo jingine. Katika miaka ya 1960 Marekani ilifanya juhudi kubwa za kutengeneza protini ya samaki iliyokolezwa, isiyo na mafuta, harufu wala ladha, ili kupambana na njaa. Bidhaa hiyo haikupata walaji wa kutosha. Kwa mtazamo wa Kiswahili sababu si ngumu kuiona: ilikuwa protini lakini haikuwa kitoweo. Kitoweo hutokana na towea, yaani kula chakula kikuu pamoja na kitu cha kukipa ladha, na kisicho na ladha hakitowelewi.

Hatimaye kuna bidhaa isiyo na jina lililozoeleka. Vichwa na matumbo ya samaki husagwa na kutiwa asidi ya fomiki kiasi cha asilimia 3. Vimeng'enya vya samaki mwenyewe huyeyusha nyama, na asidi huzuia uozo. Tokeo ni uji wenye protini unaofaa kwa mifugo. Kiswahili kina jozi inayoweza kusaidia: vunda ni kuharibika kwenyewe, na vundika ni kufunika kitu makusudi ili kiive. Kutokana na kitenzi hiki cha pili, "mvundiko wa samaki" lingekuwa jina linaloeleweka, kwa kuwa linatenganisha uozo na ugeuzaji unaodhibitiwa.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba vitenzi vya Kiswahili vya kuhifadhi samaki vinatofautiana kwa namna na kwa tokeo, na kwamba nomino zake hubeba taarifa kuhusu hatua, chumvi, mlaji na hata mgawanyo wa mapato. Sindika na ibaki kuwa kichwa cha orodha, lakini anika, anua, kausha, banika na ng'onda ziingie katika miongozo, katika vitabu vya sayansi kimu na juu ya mifuko ya bidhaa. Aliyeko Nakapanya hakumwona samaki akitolewa majini wala akianikwa. Kinachomfikia ni samaki mkavu pamoja na jina lake. Na jina likiwa halisemi alichofanyiwa, mnunuzi hubaki na pua yake kuwa mwongozo wa pekee.