Kutazama Maua Pasi na Kuyataja

Wajapani wana neno moja, hanami, ambalo maana yake ni kutazama maua. Micheri inapochanua, familia hutandika mikeka chini yake, zikala na kuburudika. Sisi hatuna tamasha kama hilo, ingawa kila Oktoba barabara kadhaa za Nairobi hugeuka zambarau kwa maua ya mjakaranda, mgeni aliyetujia kutoka Amerika Kusini. Mwishoni mwa juma, familia nyingi za jijini humiminika Arboretamu, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka wa 1907 ili kufanyia majaribio miti ya kigeni.

Nami huenda huko na wanangu, na kwa kuwa isimu ndiyo kazi yangu, sikio halitulii. Mtoto huuliza, "Baba, huu ni mti gani?" Baba hujibu, "Ni mti tu. Simama hapo nikupige picha." Ndipo ninaposhikwa na majonzi. Mtoto huyo amejileta mwenyewe kwenye somo. Akijibiwa hivyo mara tatu, hatauliza tena.

Si kwamba Kiswahili ni maskini. Mwanamke wa pwani anayetunga kikuba hutofautisha asumini, kilua na mrehani kwa harufu tu, hata gizani. Fauka ya hayo, sarufi yenyewe imeturahisishia mambo: mlangilangi hutoa langilangi na mkilua hutoa kilua, kama vile mwembe unavyotoa embe. Mwalimu anayetaabika kufundisha ngeli ubaoni angefaulu zaidi akiwa chini ya mti wenyewe. (Tusisingizie nauli ya basi, uwanja wa shule nao una miti.)

Kwa miti ya bara, hali ni mbaya zaidi. Upo mmoja wenye maua mekundu kama makaa ya moto ambao Wakikuyu huuita muhuti. Katika orodha za mimea umepewa jina la Kiswahili pia: mwamba-ngoma. Nilipowauliza wanafunzi wangu chuoni maana ya neno hilo, karibu wote walinikariria methali ya mwamba ngoma ambaye ngozi huivutia kwake. Watatu miongoni mwao waliujua muhuti tangu utotoni, kwa kuwa nyanya zao waliwaonyesha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia kwamba mwamba-ngoma ni mti.