Bei ya kiti kwa kilo za ufuta

Kisheria, kugombea ubunge Tanzania ni rahisi kuliko kununua baiskeli. Mgombea atoe dhamana ya shilingi 50,000, adhaminiwe na wapiga kura wasiopungua 25 wa jimbo lake, awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe amependekezwa na chama cha siasa. Basi. Kwa mkulima wa ufuta wa Kilwa, tukiichukua kilo moja kwa shilingi 3,000, dhamana hiyo haifiki kilo 17. Debe moja na kidogo.

Hiyo ndiyo bei iliyoandikwa mlangoni. Bei ya ndani tuipige hesabu kwa mtu wa mfano: mkulima wa kisiwa cha Songo Mnara, kusini ya Kilwa Kisiwani, mwenye minazi nyumbani na ekari 5 za ufuta ng'ambo, upande wa Pande. Ni mhafidhina kwa maana ya kwetu: hana ugomvi na wakubwa, anaheshimu msikiti na mila, yuko chama kile kile alichokuwamo baba yake tangu enzi za TANU, na hataki la ajabu zaidi ya mizani ya haki na barabara isiyokatika. Jimbo lake ni Kilwa Kusini. Pale Selemani Bungara, maarufu kwa jina la Bwege, alishinda kwa chama cha upinzani cha CUF mwaka 2010 na 2015, na CCM ikakirudisha kiti mwaka 2020 kupitia Ally Kassinge. Kwa hiyo si jimbo la kulala usingizi. Bei na posho nitakazozitaja za gari, boti, fulana na mawakala ni makadirio yangu, na nitayaweka wazi ili kila msomaji abadilishe namba kulingana na ajuavyo.

Tuanze na mfuko wake. Ekari moja ya ufuta ikimpa kilo 250, ekari 5 ni kilo 1,250, sawa na shilingi 3,750,000 mnadani. Akitoa kulima, mbegu, palizi, dawa na vibarua wa kuvuna, tuseme 250,000 kwa ekari, anabaki na milioni 2.5. Hapo sijagusa makato ya ushirika wala ada za shule.

Mlango wa kwanza ni chama, na haukwepeki. Mchungaji Christopher Mtikila alipambana miaka mingi mahakamani akidai mgombea binafsi aruhusiwe. Mahakama Kuu ilimpa haki, Mahakama ya Rufani ikaipangua mwaka 2010, kisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ikaamua Juni 2013 kwamba kumlazimisha mtu apitie chama ni kuvunja haki zake. Sharti la chama bado lipo. Kwa hiyo mkulima wetu anakwenda ofisi ya CCM ya wilaya, na mwaka 2025 anaikuta fomu ya ubunge inauzwa 500,000. Ni kilo 167, theluthi mbili ya ekari nzima. Mwaka 2020 fomu hiyo hiyo ilikuwa 100,000, na walioomba ubunge na uwakilishi ndani ya CCM walipita 10,000. Bei ilipopandishwa mara tano, waombaji walishuka hadi kama nusu. Hata hivyo waliochukua fomu za majimbo peke yake walizidi 4,000, maana yake chama kilikusanya zaidi ya bilioni 2 kabla hajapatikana mgombea hata mmoja. Majimbo yote nchini ni 272.

Dirisha la fomu lilifunguliwa Juni 28 na kufungwa Julai 2, 2025. Kwa mtu wa Lindi, mkoa ambao Kilwa imo, hizo ni siku za ufuta. Minada ya Lindi Mwambao, chama kikuu cha ushirika kinachohudumia Kilwa, iko motomoto, mzigo uko ghalani, na mkulima anasubiri fedha iingie benki. Mwenye duka au mshahara anatoa laki tano siku hiyo hiyo. Mwenye ufuta ana mali, tena nyingi, lakini iko kwenye stakabadhi. Mnada ukichelewa wiki moja, fomu imempita. Sidhani kama kuna aliyekaa akapanga hivyo, lakini ndivyo kalenda inavyomkaba.

Akipata fomu, anaingia kwenye kura za maoni za wajumbe wa chama, zilizopigwa Agosti 4. Huku ndiko msemo wa mwaka 2020, kwamba wajumbe si watu wazuri, ulikozaliwa: mtu anaahidiwa kura na ukumbi mzima, anahesabiwa tatu, mbili zake na mkewe. Hela ya huku haina risiti. Kisheria ni marufuku. Takrima, ule ukarimu wa mgombea uliohalalishwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2000, ilitupwa na Mahakama Kuu mwaka 2006 kwamba inavunja Katiba kwa kumbagua asiye nacho, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikakaza zaidi. Pwani hii inamjua mtoaji wa siku nyingi, maana Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani Hasan bin Suleiman akisifiwa kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Sultani hakuwa na TAKUKURU. Mkulima wetu asipotoa kitu yuko salama kisheria. Kisiasa sijui. Katika hesabu yangu nimempangia sifuri hapa, na msomaji aliyewahi kuwa mjumbe anaruhusiwa kucheka.

Tuchukulie amepita. Sasa ndiyo gharama inaanza, nayo ni ya kilomita.

Wilaya ya Kilwa ina zaidi ya kilomita za mraba 12,000 za nchi kavu na, kwa sensa ya 2022, watu 297,676. Inatoa wabunge wawili. Zanzibar yote, Unguja na Pemba, ina karibu kilomita za mraba 2,500 na majimbo 50, yaani kama kilomita 50 kwa jimbo. Tukiigawa Kilwa nusu kwa nusu, jimbo moja linakuwa na kilomita 6,000, mara 120 ya lile la Zanzibar. Mgombea wa mjini Unguja anaweza kuzunguka jimbo lake kwa miguu kati ya alasiri na magharibi. Wa Kilwa Kusini akitoka mji wa Masoko kwenda Nanjirinji, lazima apande hadi Nangurukuru, ashike barabara kuu ya Lindi mpaka Kiranjeranje, kisha akate kuingia bara kwenye vumbi. Siku imekwisha, na amehutubia vijiji viwili.

Kampeni za 2025 zilianza Agosti 28 na kuisha Oktoba 28: siku 62. Tumpe siku 40 za barabarani, kilomita 120 kwa siku. Hizo ni kilomita 4,800. Land Cruiser kwenye njia zile inakula lita moja kwa kilomita 6, kwa hiyo lita 800, na dizeli tukiiweka 3,000 ni milioni 2.4. Kukodi gari lenyewe, 200,000 kwa siku, ni milioni 8. Dereva, spika, jenereta na fundi mitambo, 60,000 kwa siku, milioni 2.4 nyingine. Gari na kelele zake tayari ni milioni 12.8. Ufuta wake wote wa mwaka mmoja haufiki theluthi ya hapo.

Bado bahari. Boti ya mashine kwenda visiwani, mafuta, nahodha na baharia, tuseme 250,000 kwa safari. Na Songo Mnara hakuna gati la kushuka na viatu vya mkutano: maji yakipwa, boti inabaki mbali na watu wanapita kwa miguu kwenye tope la mikoko, suruali zimekunjwa, spika kichwani. Msafara ukichelewa kuondoka unasubiri maji yajae, na mkutano wa jioni wa ng'ambo umeharibika. Tukikadiria kisiwani wapiga kura 400, nusu wamkubali, kila kura imegharimu 1,250. Fedha hiyo hiyo ikitumika Kivinje au Masoko siku ya soko, inasikika kwa maelfu. Ndiyo maana wagombea wenye akili ya hesabu huenda kila kisiwa mara moja tu, na mwenye asili ya kisiwa anajikuta amepanga chumba Masoko kwa miezi miwili akiomba kura za watu wengine. Watalii wanaokuja kwa ajili ya magofu yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981 huenda wakawa wanafika kwao mara nyingi kuliko yeye.

Safari nne za boti: milioni 1. Fulana 500 kwa 10,000, milioni 5, na mabango milioni 1. Posho za timu za kata, nimebana mno, milioni 2.

Kisha kuna mawakala, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kumaliza hela kwenye fulana. Mwaka 2025 nchi ilikuwa na vituo karibu 100,000 kwa wapiga kura zaidi ya milioni 37, wastani wa kama 375 kwa kituo. Nusu ya watu wa Kilwa ni kama 149,000, na kwa uwiano wa taifa wapiga kura wao watakuwa kama 90,000. Gawa kwa 375 unapata vituo 240. Kila kituo kinataka mtu wake, aliyeapishwa, atakayekaa tangu kabla ya kufungua sanduku hadi fomu ya matokeo isainiwe usiku. Posho na chakula 25,000, nauli ya kwenda kuapishwa 5,000: milioni 7.2. Wakala mwenye njaa huondoka saa kumi jioni, na kura huhesabiwa baada ya saa kumi.

Jumla ni milioni 29. Fomu na dhamana, ambazo ndizo zinazopigiwa kelele magazetini, haziongezi hata asilimia 2. Mwaka 2010, sheria ya gharama ilipoanza, ukomo wa matumizi ya mgombea ubunge uliwekwa kati ya milioni 30 na 80 kulingana na jimbo, na shilingi imepungua nguvu sana tangu hapo. Kwa maneno mengine, mkulima wetu amefanya kampeni ya kimaskini kuliko ukomo wa chini kabisa wa mwaka 2010. Hata hivyo milioni 29 ni kilo 9,667 za ufuta, ekari 39 za mavuno. Kwa masazo yake ya milioni 2.5, ni misimu karibu 12 bila kula. Mwaka 2020 walijitokeza kupiga kura kama nusu ya walioandikishwa. Kwa jimbo la watu 90,000 mshindi wa mbio za wawili atahitaji kura kama 23,000, na kila moja imemgharimu 1,260.

Akiacha gari akatumia pikipiki, petroli na posho ya dereva kwa siku 40 haizidi milioni 1.2, na jumla inashuka hadi kama milioni 17.4. Ningekuwa meneja wake ningemshauri hivyo bila kusita. Tatizo ni kwamba mpiga kura wa Lindi naye anajua kusoma ishara. Mgombea wa bodaboda anaonekana hana watu nyuma yake, na asiye na watu nyuma yake ataleta barabara kwa nguvu ya nani? Mvua za Mei 2024 zilipokata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, aliyetakiwa alikuwa mtu wa kupiga simu wizarani ikapokelewa.

Nchi hii imewahi kuiondoa gharama hiyo yote. Katika uchaguzi wa chama kimoja, kuanzia 1965, TANU iliteua wagombea wawili kwa jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Walihutubia mikutano ile ile, chama kikagharamia, na kutumia fedha binafsi kulikatazwa. Mwaka huo waziri wa fedha, Paul Bomani, aliangushwa na wapiga kura Mwanza. Bei ya mfumo huo ilikuwa nyingine, maana nje ya hao wawili hukuwa na wa kumchagua, na mimi siitamani. Lakini lile la kupanda jukwaa moja kwa gharama ya umma halihitaji chama kimoja. CCM yenyewe huwatembeza watia nia wake pamoja mbele ya wajumbe. Tume ya Uchaguzi ingeweza kufanya hivyo kwa vyama vyote, gari moja, ratiba moja, visiwa vikiwemo, na ile milioni 12.8 ya gari ikafutika.

Inabaki gharama ya kushindwa na kutokubali. Sheria ya Uchaguzi ya 1985, ilivyorekebishwa, ilimtaka mlalamikaji aweke mahakamani dhamana ya hadi shilingi milioni 5 kwa kila mlalamikiwa, ingawa aliweza kuomba apunguziwe. Kwa kiwango hicho, akiwashtaki wawili, aliyetangazwa mshindi pamoja na msimamizi wa uchaguzi, ni milioni 10, mara 200 ya ile 50,000 aliyoingilia. Kwa ufuta ni kilo 3,333. Na kesi, kwa mtu wa Kilwa, inafunguliwa mbali na Masoko, mwezi Novemba, wakati wenzake wanaanza kuandaa mashamba.