Siku ya Posho Mjini Kasongo: Mwanafunzi Mgeni mbele ya Kiswahili cha Maniema

Imezoeleka katika vyuo vikuu kwamba mwanafunzi wa Kiswahili aliyepelekwa kusoma nchi ya kigeni hupimwa kwa yale aliyoyapata darasani. Jumamosi na Jumapili huhesabiwa kuwa siku za mapumziko tu: kutembea, kula, kutazama mpira. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kwa mwanafunzi atokaye Dar es Salaam, Nairobi au Ulaya akafika kusini mwa Maniema, siku hizo mbili ndizo zilizobeba lugha anayoitafuta. Na kwamba asipojihadhari, ndizo zitakazoiharibu kazi yake.

Hatari yenyewe inaeleweka kwa urahisi. Mwenyeji wa Kasongo amsikiapo mgeni akizungumza Kiswahili cha vitabuni, huacha Kingwana chake na kushika kile kiitwacho Kiswahili bora, alichokisikia shuleni, kanisani au redioni. Hufanya hivyo kwa adabu. Mgeni naye akianza kusahihisha, akisema si «mutoto» bali «mtoto», si «muchele» bali «mchele», basi mlango umefungwa: daftari litajaa Kiswahili cha mgeni mwenyewe kilichorudishwa kwake na watu waungwana. Neno hili halikutumiwa hapa kwa bahati, kwani jina Kingwana linatokana na waungwana, yaani watu huru, walioingia nchi hii pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Ofisini na darasani Kiswahili bora, pamoja na Kifaransa, ndicho kinachotawala. Sokoni, jikoni na kando ya uwanja wa mpira hakuna anayekumbuka kukivaa.

Jambo la kwanza la kumkwaza mgeni ni majina ya siku zenyewe. Pwani, juma huhesabiwa baada ya Ijumaa, ndiyo maana Jumamosi ni siku ya kwanza na Jumatatu ni ya tatu. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo hesabu imeanzia kwenye siku ya kazi: «siku ya kwanza» ni Jumatatu, «siku ya tatu» ni Jumatano. Jumamosi huitwa «siku ya posho», kwa kuwa katika makampuni ya zama za ukoloni ndiyo siku wafanyakazi waliyogawiwa chakula cha juma. Nayo Jumapili ni siku ya Mungu. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeahidiana na msimulizi wake «siku ya tatu», kisha akaenda Jumatatu, amemkosa kwa siku mbili kamili. Kosa hili si la msamiati tu. Kalenda mbili zimekutana, moja ya msikiti na nyingine ya karani wa kampuni.

Matembezi ya Jumamosi huanzia kwa kawaida Kasongo-Tongoni, mahali pa mji wa kale. Tongo ni mahame, kijiji kilichoachwa, na jina hilohilo lipo karibu na Tanga. Lakini aliyeyaona magofu ya pwani asitarajie kuta za mawe ya matumbawe. Mji wa Tippu Tip na mwanawe Sefu ulijengwa kwa udongo, na udongo hurudi ardhini. Majeshi ya Dhanis yalipouteka tarehe 22 Aprili 1893, daktari Mwingereza aliyekuwa pamoja nayo, Sidney Hinde, alistaajabia mashamba ya mpunga, bustani za matunda, vitanda vya kuchongwa na magodoro ya hariri. Mwaka 2020 Noemie Arazi na wenzake walichapisha katika jarida la Antiquity utafiti uliounganisha akiolojia na masimulizi ya wenyeji wa huko. Masimulizi hayo yanahitaji sikio la taratibu, kwa sababu mji uliopendeza hivyo ulilishwa pia na biashara ya watumwa na pembe. Mwanafunzi atokaye Ujiji au Kariakoo, penye msikiti unaobeba jina la Manyema, huenda akagundua kwamba babu zake mwenyewe walipita katika njia hiyo, na hakuna ajuaye mapema kama walipita wakiwa wenye mizigo yao au wakiwa mizigo.

Chakula ndiyo sehemu yenye manufaa makubwa kuliko zote. Wali hapa si chakula cha mgeni. Mpunga ulienea Maniema pamoja na wafanyabiashara wa pwani, kisha serikali ya kikoloni ikalazimisha ulimwe. Kando ya wali au ugali wa muhogo huwekwa sombe, yaani majani ya muhogo ambayo Mtanzania huyaita kisamvu: hutwangwa kinuni, huchemshwa kwa muda mrefu, kisha hutiwa mawese, na pengine karanga au samaki mkavu. Mchicha ni lengalenga. Anayeketi karibu na kinu saa mbili atasikia vitenzi ambavyo orodha ya maneno 100 haitamletea kamwe: kutwanga, kupepeta, kuchochea, kuonja, kila kimoja na nyakati zake. Asisahau pia salamu. «Jambo, mama» ambayo pwani humfanya mtu aonekane mtalii, huku ni salamu ya kweli kati ya wenyeji, na shikamoo ndiyo itakayoshangaza.

Kuhusu mpira yatosha kusema machache. Istilahi za pwani, kama goli, refa na kona, zilitoka Kiingereza. Watazamaji wa Kasongo hutumia «but», «arbitre» na «gardien» za Kifaransa ndani ya sentensi za Kiswahili. Katika msimu wa 2024/2025 AS Maniema Union ya Kindu ilicheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika pamoja na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR, na tangu hapo mgeni asiyejua la kuzungumza ana pa kuanzia.

Kabambare haifai kuingizwa katika siku hizo mbili. Iko zaidi ya kilomita 100 mashariki, barabara ni mbaya, na usalama wa njia huulizwa kwanza kwa wenyeji na kwa wakuu wa mahali. Livingstone, aliyeiita Bambarre, alifika huko Septemba 1869, na vidonda vya miguu vikamzuia hapo tangu Julai 1870 hadi Februari 1871. Huko Kiswahili huishi pamoja na Kibangubangu, na anayetaka kuvisikia vyote viwili aombe likizo ndefu, aache kinasa sauti mfukoni siku za kwanza, na aanze na kinu.