Kiholanzi cha chakula: anza na maneno yanayokulinda

Katika masomo ya kwanza ya Kiholanzi utafundishwa kwamba “brood” ni mkate, “kip” ni kuku, “vis” ni samaki na “ei” ni yai. Majina hayo ni mepesi, na mengi utayajua dukani kwa kuangalia picha ya pakiti. Lakini yapo maneno machache ambayo picha haiyaonyeshi, nayo ndiyo yanayoamua kama chakula kinakufaa wewe na watoto wako. Jifunze hayo kwanza.

Namna ya kuyasoma

Herufi “oe” husomwa kama u yetu: “soep” ni sup. Herufi “j” ni y: “ja” ni ya. Herufi “g” hutoka kooni kama kh ya Khamisi, kwa hiyo “groente”, yaani mboga, husikika khrunte. “Ij” na “ei” zina sauti moja.

Nyama iliyojificha

Nguruwe ni “varken”, na nyama yake ni “varkensvlees”. Lakini pakiti haiandiki neno hilo kila mara. “Spek” na “ham” ni nguruwe. “Reuzel” ni mafuta yake. “Gehakt” ni nyama ya kusaga: ikiandikwa “rundergehakt” ni ng'ombe mtupu, ikiandikwa “half-om-half” ni ng'ombe na nguruwe waliochanganywa. Supu nzito ya njegere, “erwtensoep”, kwa kawaida hupikwa kwa nyama ya nguruwe, na “frikandel” ya kukaanga mara nyingi ina nguruwe pia. Peremende laini za watoto huwa na “gelatine”, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe.

Ukitaka nyama ya halali, tafuta duka lililoandikwa “islamitische slagerij”. Neno “halal” wenyeji pia wanalielewa.

Mzio

Kama kuna mtu nyumbani mwenye mzio wa chakula, haya ndiyo maneno ya kwanza kuyashika: “pinda's” (karanga), “noten” (korosho, lozi na jamii yake), “melk” (maziwa), “ei” (yai), “tarwe” (ngano), “vis” (samaki), “schaaldieren” (kamba na kaa), “sesam” (ufuta) na “soja” (soya). Neno “pinda” halitakupotea: likumbuke kwa kupinda mgongo.

Tangu Desemba 2014, sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vitu 14 vinavyoleta mzio vionekane wazi katika orodha ya viungo kwenye pakiti, kwa mfano kwa herufi nene. Orodha hiyo huanza na neno “ingrediënten”. Tafuta herufi nene kwanza. Ukiona “kan sporen bevatten van noten”, maana yake huenda chembe za noten zimeingia humo. Mwenye mzio mkali asile.

Mgahawa nao unatakiwa na sheria kukujibu ukiuliza. Usione haya. Sema hivi:

“Ik ben allergisch voor pinda's.” Nina mzio wa karanga.
“Mijn kind mag geen melk.” Mwanangu haruhusiwi maziwa.
“Zit er varkensvlees in?” Kuna nyama ya nguruwe ndani yake?
“Zonder ham, alstublieft.” Bila ham, tafadhali.

Ukishajua “zonder”, bila, na “met”, pamoja na, unaweza kuagiza karibu chochote. Mtu akivimba midomo au akipata shida ya kupumua baada ya kula, piga simu 112 mara moja.

Shuleni

Mtoto akitimiza mwaka, ni desturi awaletee wenzake darasani kitu kidogo cha kula. Wanaita “trakteren”. Kwa hiyo mwanao atapewa vitu ambavyo hukuvinunua wewe. Mweleze mwalimu mapema, tena kwa maandishi, vitu ambavyo mtoto hali.

Majina yanayodanganya

“Karnemelk” hukaa karibu na maziwa na pakiti zinafanana, lakini ni ya uchachu, inakaribia mtindi mwepesi. Ya chai ni “volle melk” au “halfvolle melk”. “Maizena” ni wanga wa mahindi wa kuzidishia mchuzi uzito, haifai kwa ugali. Unga wa mahindi ni “maïsmeel”. “Pindakaas” kwa maneno yake ni jibini ya karanga, ila haina jibini ndani: ni siagi ya karanga. Kwa muhogo (“cassave”), ndizi za kupika (“bakbanaan”) na bamia (“okra”), nenda “toko”, duka la vyakula vya Asia na Suriname.

Tazama pia tarehe. “Te gebruiken tot” (TGT) ni ya nyama, samaki na vingine vinavyoharibika upesi: siku hiyo ikipita, tupa. “Tenminste houdbaar tot” (THT) inahusu ubora tu. Mchele au tambi zilizopita tarehe hiyo kidogo mara nyingi bado zinalika.

Nani analipa?

Kwetu aliyekualika ndiye anayelipa. Hapa, rafiki akisema “Zullen we uit eten gaan?”, twende tukale nje, huenda kila mmoja atajilipia. Akisema “Ik trakteer”, hapo ndipo ametoa ahadi ya kulipa. Ni neno lile lile la shuleni.

Ukimaliza, sema “Mag ik de rekening?”, naomba bili. Mhudumu anaweza kuuliza “Samen of apart?”, pamoja au kila mtu yake. Kibao cha “alleen pinnen” maana yake ni kadi tu, pesa taslimu hazipokelewi. “Fooi”, yaani bakshishi, si lazima. Maji ya bomba ni “kraanwater”. Mahali pengi ni bure, lakini uliza kwanza.

Chagua sentensi tatu kati ya hizi zinazoihusu familia yako, ziandike kwenye karatasi ndogo na uiweke pochini. Ulimi ukikwama, onyesha karatasi. Chakula kikifika mezani, wenzako watasema “Eet smakelijk!” Nawe jibu vivyo hivyo, kisha ule kwa amani.