Mbwa Akilala Nyumbani, Tengeneza Sakafu Kwanza

Bwana mkulima, na wewe Mama, nyumba yenu imekwisha ezekwa mabati na sasa mnafikiri juu ya viti na vitambaa vya meza. Ngojeni kidogo. Ikiwa mbwa na paka hulala ndani pamoja na watoto, fedha za kwanza ziende kwenye sakafu.

Wengine watasema mbwa alale nje. Ni kweli, lakini usiku wa baridi kule Kinangop hata mbwa mkali hubisha mlango.

Kiroboto hutaga mayai katika manyoya ya mbwa, nayo huanguka chini na kuingia katika vumbi na nyufa. Funza naye hukaa katika vumbi kavu. Huingia mguuni mwa mtoto, na mwa mbwa vilevile, mpaka mtoto ashindwe kutembea kwenda shule. Mtawatoa leo, lakini vumbi likibaki, juma lijalo watakuwako wengine.

Sakafu ya simiti ndiyo bora. Shindilia udongo, panga mawe, mwaga zege, kisha piga plasta ya karai moja ya simiti kwa karai tatu za mchanga safi. Ilainishe kwa mwiko, na uitie maji kwa siku saba isije ikapasuka, kwa maana ufa ni nyumba ya kiroboto. Mfungie mbwa na kuku mbali mpaka igande, ama sivyo nyayo zao mtazitazama miaka yote! Wala usiisugue kwa nta mpaka ing'ae kama kioo. Mbwa atateleza, na nyanya pia.

Fedha zikiwa chache, anza na chumba cha watoto. Vyumba vingine visiribe kwa udongo na mavi ya ng'ombe, ziba kila ufa, na unyunyize maji kabla ya kufagia.

Ukuta upake rangi ya kahawia futi tatu kutoka chini, kwa sababu hapo ndipo mbwa hujisugua akitoka matopeni. Mkeka unafaa kuliko zulia, maana hukung'utwa na kuanikwa juani. Vitambaa vyenye nyuzi zinazoning'inia paka atavivuta na vikombe pamoja.

Gunia la mbwa lifueni kila juma kwa maji ya moto. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe msimpake paka kabisa: hujilamba, na yaweza kumwua.