Unyevu ndani ya lundo la nafaka

Amesimulia Abu Huraira (r.a.), katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali akatoa udhuru kwamba imenyeshewa. Mtume akamhoji mbona hakuiweka juu watu waione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi.

Tunaikumbuka hadithi hii kwa ajili ya ndugu zetu wa Masasi na Newala, ambako mahindi na karanga ni chakula na ni biashara. Nafaka ikihifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo huweza kutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 ikaua wengine katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hafi siku hiyo, bali yumo katika hatari ya saratani ya ini.

Hatari hiyo huongezeka mara nyingi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Virusi hivi huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Basi wembe mmoja usitumike kwa watoto wawili jandoni, wala kwa watu wawili katika hijama. Chanjo yake hutolewa kwa watoto wachanga nchini Tanzania tangu mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo na apime.

Pombe nayo, ikiwemo gongo ya mabibo, hulitia ini makovu yanayoweza kuzaa saratani. Ama mifereji ya nyongo, hudhuriwa na vijiwe na uvimbe wa muda mrefu.

Tuanike mazao juu ya turubai, tuyahifadhi yakiwa makavu, na tuzitupe karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi. Tusizisagie uji wa mtoto, wala tusiwape kuku.

Twajua kutupa ni hasara, na gunia moja laweza kuwa sare ya mtoto. Lakini karanga ikishasagwa, hakuna mnunuzi awezaye kutia mkono akaugundua ukungu. Anayeujua ni muuzaji na Mola wake.

Allah atujaalie riziki ya halali iliyo salama. Amin.