Lubumbashi: PES ya mwaka 2006 bado haijastaafu

Mchezaji wa kawaida wa michezo ya video mjini Lubumbashi hafuati orodha ya michezo mipya inayotoka kila mwaka Marekani na Japani. Ana michezo yake mitatu au minne, na anairudia miaka nenda miaka rudi: kabumbu kwanza, kisha mchezo mmoja wa kupigana kama Tekken, kisha kitu kidogo ndani ya simu cha kupitisha muda anapongoja basi au mteja. Si bingwa, hashiriki mashindano, na hakeshi juu ya mchezo maana asubuhi kuna kazi. Hata hivyo ladha yake haikuja kwa bahati. Imefinyangwa na mji wenyewe, na umeme ndio ulioanza kuifinyanga.

Katika mitaa kama Katuba, Kenya au Ruashi, wakaaji wamezoea kupata kuriani kwa zamu. Jambo hilo linauma zaidi ukikumbuka kwamba tangu miaka ya 1980 kuna laini ya umeme ya kilomita karibu 1700 kutoka Inga hadi Kolwezi, iliyojengwa hasa kwa ajili ya migodi ya Katanga. Kwa anayepika, delestaji maana yake ni kutafuta makala. Kwa anayecheza, maana yake ni kadi ya memori. PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000, inahifadhi kazi yote ya mchezaji katika kadi ndogo ya megabaiti 8. Umeme ukikatika wakati mashine inaandika kwenye kadi, faili linaweza kuharibika, na msimu mzima wa Master League ukaenda nalo, pamoja na Castolo na Minanda, wale wachezaji wa kubuni ambao kila aliyeanza Master League aliwakuta kikosini.

Mtu aliyepoteza msimu mara mbili haanzi wa tatu. Anajifunza kupenda mechi moja moja. Ndiyo maana michezo ya hadithi ndefu, ile inayodai saa 40 au 60 ili kufika mwisho, haipati nafasi kubwa kwake. Si kwamba hapendi hadithi. Nani Lubumbashi asiyependa hadithi? Ila hadithi inayokatwa katikati kila jioni inachosha.

Hata GTA San Andreas, mchezo wa mwaka 2004 ambao karibu kila kijana wa umri fulani ameugusa, wengi hawakuucheza kwa kufuata misheni zake. Wanaingiza kodi walizonakili katika daftari, wanapata gari, pesa na silaha, wanazunguka mji, wanafukuzwa na polisi, wanazima. Mwisho wa hadithi ya Carl Johnson hawaujui na hauwasumbui.

Mahali penyewe pa kucheza, kwa wasio na mashine nyumbani, ni sali ya michezo. Chumba kimoja, televizyo mbili au tatu, mabenchi, jenereta nje kama mwenye sali ana uwezo. Unalipa kwa mechi. Mwenye sali anaweka muda mfupi kabisa, katika PES ni dakika 5, kwa sababu mechi fupi ni franga nyingi zaidi kwa saa, na kwa sababu wengine wanangoja. Mshindi anabaki, aliyeshindwa anatoa maneti. Sheria hiyo inafundisha namna ya kucheza. Hakuna anayejenga mashambulizi polepole kutoka nyuma. Mpira unatupwa mbele, kwa mshambuliaji mwenye mbio, haraka kabla ya dakika kuisha. Anayependa pasi fupi fupi kama Barcelona ya zamani anachekwa, kisha anapoteza kiti.

Wazazi wana malalamiko yao kuhusu sali hizo, na hawakosi sababu: mtoto aliyetumwa mkate anaweza kurudi jioni, na pesa ya mkate haipo. Wakubwa nao huwekeana dau. Lakini kwa mtu mzima anayepita nusu saa baada ya kazi, sali inafanya kazi ileile ya meza ya dama chini ya mti: kelele, matani, na habari za mtaa.

Ndani ya sali hizo, mchezo uliokaa muda mrefu katika mapenzi ya watu ni Pro Evolution Soccer, PES, wa kampuni ya Konami ya Japani. Toleo la 6, la mwaka 2006, lina sifa ya pekee. Wanaolijua watakutajia kwanza Adriano wa Inter Milan, aliyepewa nguvu ya shuti 99. Ukimpa mpira mita 30 kutoka golini, kipa anabaki kuomba. Pale ambapo Konami haikuwa na ruhusa ya kutumia majina, ilibuni: Chelsea ikawa London FC, Liverpool ikawa Merseyside Red. Kasoro hiyo ndiyo iliyowapa wachezaji zawadi, maana PES inaruhusu kubadilisha majina, jezi na sura. Anayekerwa na Merseyside Red anaandika Liverpool mwenyewe. Na asiyeiona timu ya mji wake anaitengeneza.

Hapo ndipo Lubumbashi inapoingia. TP Mazembe ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, Desemba 2010 huko Abu Dhabi, baada ya kuifunga Internacional ya Brazil mabao 2-0. Ilipoteza fainali 3-0 mbele ya Inter Milan. Klabu za Afrika Kusini, Kaizer Chiefs na Orlando Pirates, zilikuwemo katika michezo ya FIFA. Mazembe, yenye mataji matano ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, haikupewa nafasi hiyo. Basi mwenye subira anakaa na maneti, anavalisha timu moja ya kubuni mistari nyeusi na nyeupe, anaandika Kidiaba golini, na fainali ya Abu Dhabi inachezwa upya. Safari hii Inter haina uhakika.

Kazi hiyo sasa imehamia kwenye simu. Dream League Soccer inamruhusu mtu kuingiza jezi anayotaka. Wengine wanatumia PPSSPP, programu inayofanya simu ya Android iendeshe michezo ya PSP, na kupeana PES zilizorekebishwa na mashabiki, simu kwa simu, bila kununua mega. Free Fire ina wapenzi wake pia, hasa vijana, ila hiyo inadai intaneti kila dakika, na anayehesabu inite zake anaifungua kwa kiasi. Kwenye simu ndipo wanawake, wasioonekana sana katika sali, wanapocheza kwa wingi: Candy Crush, Ludo, Subway Surfers. Ni michezo ya kuacha na kurudi, na haina makelele mteja akifika.

Shida ni kwamba ulimwengu wa michezo unaondoka kutoka mahali alipo mchezaji huyu. Mwaka 2021 Konami iliifuta PES na kuleta eFootball, mchezo wa bure ambao bila intaneti unabaki na kidogo sana. Mwaka 2023 EA, baada ya kuachana na FIFA, iliondoa michezo yake ya zamani ya FIFA katika maduka ya intaneti; mwenye diski alibaki na mchezo wake. PS5 Pro ya Novemba 2024 inauzwa bila sehemu ya kuweka diski.

Na kununua kwa intaneti si rahisi kwa anayekaa Kongo. Nchi haimo katika orodha ya zile ambazo Sony inafungulia akaunti ya PlayStation. Anayetaka anajiandikisha kana kwamba anakaa Ufaransa au Ubelgiji. Mei 2024, Sony ilipotaka kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti hiyo, mchezo uliondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyo na huduma hiyo. Wachezaji wa dunia nzima walipiga kelele, na sharti la akaunti likafutwa.

Wakati huohuo, takriban 70 kwa mia ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, sehemu kubwa kutoka Lualaba na Haut-Katanga, na kobalti ni moja ya madini ya betri za simu na za maneti zisizo na waya. Madini yanatoka, akaunti haifunguki. Afadhali lugha imeanza kusogea: Tales of Kenzera: Zau, mchezo uliotolewa Aprili 2024 chini ya EA, una sauti za Kiswahili. Ni mchezo wa hadithi lakini, na mwenye umeme wa zamu atajua la kufanya.

Kwa sasa anayeshikilia ladha ya mchezaji wa Lubumbashi ni fundi. PlayStation 2 iliacha kutengenezwa mwaka 2013, hivyo vipuri vinatoka kwenye mashine zilizokufa: mbili mbovu zinazaa moja nzima. Lenzi iliyochoka inasafishwa kwa pamba na alkoli, na ikikataa kabisa, fundi anaiacha na kuifanya mashine isome michezo kutoka kwenye flashi. Katika flashi hiyo unaikuta PES 6 ya Adriano, na pembeni yake PES nyingine ambayo mashabiki wameijaza vikosi vya msimu huu.